Kustaafu Si Kufa: Hoja Yangu Juu ya Injini Ndogo za Ufaransa

  Mwaka huu sikushika kalamu ili nisimulie kisa cha mapenzi, wala kulalamikia maharagwe ya bwaloni, maana hayo yamekwisha andikwa mpaka yakachuja. Nataka kuzungumza juu ya injini. Tena si zile kubwa zinazopita zikinguruma huku zimekokota treni nzima, la hasha! Nasema juu ya zile ndogo, fupi, ambazo kazi yake ni kusukuma mabehewa mawili matatu stesheni, kuyatoa hapa na kuyapeleka pale, na huenda zisitoke nje ya mji huo mpaka zinazeeka. Na nitasema juu ya zile za Ufaransa, kwa kuwa ndizo nilizozisoma kwa makini, na yaliyozipata huko ndiyo yaliyonitia hamu ya kubishana.

Kubishana na nani? Waliohudhuria mjadala wa chama chetu muhula wa pili watakumbuka mada: "Kikubwa ndicho chenye manufaa." Upande wa kuunga mkono ulishinda kwa kura nyingi. Mnenaji wao mmoja, ndugu yetu wa Kidato cha Nne, alitoa mfano wa treni. Akauliza, "Nani amewahi kupanga safari ili akaone kichwa kidogo cha treni?" Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi siku hiyo nilikuwa mtunza saa, na mtunza saa haruhusiwi kunena. Basi leo saa iko mezani na kalamu iko mkononi.

Kwanza tuelewane. Treni ya mizigo haizaliwi ikiwa imepangwa. Behewa moja linatoka kiwanda cha saruji, jingine linatoka ghala la ngano, la tatu limejaa chuma chakavu. Lazima kuwe na mtu wa kuyakusanya, kuyapanga kwa utaratibu wa huko yanakokwenda, na kuyafunga pamoja, ndipo injini kubwa ije iyakute tayari kama wanafunzi waliokwisha panga foleni. Zamani huko Ulaya, katika stesheni ndogo, kazi hii ilifanywa na farasi, au na wanaume waliotia mtaimbo chini ya gurudumu na kulisukuma behewa shubiri kwa shubiri. Msidhani nasema habari za karne ya kumi na tisa tu. Nchini Uingereza, farasi wa mwisho wa kazi hiyo alistaafu katika stesheni ya Newmarket mwaka 1967. Kenya ilikuwa imekwisha pata uhuru, jamani!

Wafaransa huita injini hizi locotracteur. Mimi kwa tafsiri yangu nasema trekta la reli, na naona jina hilo linafaa kuliko jingine lolote. Lina ekseli mbili tu, yaani magurudumu manne. Lina kibanda cha dereva chenye madirisha pande zote ili aone mbele, nyuma na yule mwenzake anayefunga mabehewa chini. Basi. Hakuna urembo.

Chanzo cha vyombo vidogo vya reli huko Ufaransa, ukitaka kukijua, ni matope. Katika miaka ya 1870 mkulima mmoja aitwaye Paul Decauville, wa Petit-Bourg karibu na Corbeil, kusini mwa Paris, alikuwa na shamba la viazisukari, yaani vile viazi ambavyo Wazungu huvikamua sukari. Mvua ikanyesha, mikokoteni ikazama, mavuno yakataka kuozea shambani. Alichofanya ni kutengeneza reli nyepesi iliyokwisha fungwa tayari kwenye vyuma vya kulalia, vipande vinavyoweza kubebwa na watu wawili, kutandikwa juu ya udongo, na kung'olewa kesho yake. Hakusubiri serikali imletee barabara. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1889, reli yake ya upana wa milimita 600 ilibeba abiria zaidi ya milioni 6, na kampuni yake ikajulikana duniani kote. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, reli za aina hiyo zilipeleka mizinga na mikate hadi karibu na mahandaki. Huko ndiko matrekta ya reli ya petroli yalikoanza kuthaminiwa, maana injini ya mvuke ilijitangaza kwa moshi, na adui akiona moshi haulizi ni wa nani.

Shirika la reli la taifa la Ufaransa, SNCF, liliundwa mwaka 1938. Baada ya Vita vya Pili lilihitaji kuachana na mvuke, na kwa kazi ndogondogo za stesheni likaagiza matrekta ya dizeli kwa mamia. Yote yalipewa herufi Y mbele ya namba zake. (Sisi wa Hisabati tunajua Y ni kitu kisichojulikana mpaka ukitafute, na naona shirika lile lilikisia vizuri, maana nani anazijua injini hizi?) Kuanzia mwaka 1958 zilikuja za kundi la Y 7100, zilizotengenezwa na Billard wa mji wa Tours na kampuni ile ile ya Decauville. Kisha, kati ya 1963 na 1972, likaja kundi la Y 7400, ambalo ndilo ninalolipenda. Ziliundwa zaidi ya 480, zote zikiwa za sura moja. Mwaka 1977 zikaanza Y 8000, nazo zilipita 370, na katika miaka ya 1990 zikafuata Y 8400, ambazo ni 150, zilizoundwa ili dereva aweze kushuka chini na kuziongoza kwa rimoti ya redio. Naam, rimoti, kama ya televisheni, lakini televisheni yenyewe ina uzito wa tani zaidi ya 30.

Hebu tuitazame hiyo Y 7400 kwa karibu. Urefu wake ni mita 9 hivi, uzito tani 32 hivi, na mwendo wake wa juu kabisa kilomita 60 kwa saa. Nguvu ya injini yake haifiki farasi 250. Lori la trela linalopanda kutoka Mombasa siku hizi lina nguvu kuipita. Hapo ndipo wenzangu wa mjadala watakapopiga meza: "Si mnaona? Kitu dhaifu!" Haya, tupige hesabu, na mwalimu wa Fizikia anisahihishe nikipotoka.

Behewa kubwa la nafaka lenye ekseli 4, likijaa, hufika tani 90. Shika mabehewa 10, tani 900. Gurudumu la chuma likitembea juu ya reli ya chuma, mahali tambarare na palipo sawa, hukataa kwenda kidogo sana, kama kilo 4 hivi kwa kila tani. Kwa hiyo mabehewa yote 10 yanahitaji mvuto wa kilo 3,600, yaani tani 3.6. Trekta letu la tani 32 lina uwezo wa kushika reli, ikiwa kavu, kwa moja ya tano ya uzito wake, nayo ni zaidi ya tani 6. Akiba ipo, ya kuanzia mwendo na ya kukatia kona. Na ukiyavuta mabehewa hayo kwa mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 5 kwa saa, unahitaji kilowati 50 tu. Pikapu nyingi mnazoziona barabarani zina kilowati kuzidi hizo. Zinachokosa ni uzito wa kushika na reli ya kutelezea. Kumbe udogo na udhaifu ni vitu viwili mbalimbali!

Lipo jambo jingine la kiufundi ambalo sitaki kuliruka. Injini ya dizeli haiwezi kuanza kuzunguka ikiwa imefungwa moja kwa moja kwenye mzigo. Itazima, kama dereva mwanafunzi anavyozima gari mlimani. Lazima pawe na kitu katikati. Y 7100 zilitumia mafuta mazito yanayozungushwa ndani ya chombo maalumu, injini ikiyasukuma mafuta na mafuta yakisukuma magurudumu. Y 7400 zilirudi kwenye gia, kama lori. Na kampuni ya Gaston Moyse, iliyokuwa La Courneuve kando ya Paris, ilikuwa imejizolea sifa kwa njia ya tatu: dizeli inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, umeme unazungusha mota. Kati ya hizo tatu, gia ndiyo ya kishamba kuliko zote. Lakini gia ndiyo inayoeleweka kwa fundi yeyote aliyewahi kufungua lori, na ninaamini hiyo ni sababu mojawapo iliyozipa Y 7400 maisha ya pili.

Maisha ya pili? Ndiyo, sasa tumefika.

Kadiri miaka ilivyopita, stesheni ndogo zilifungwa kwa mizigo, na matrekta yakakosa la kufanya. Mengi yalikatwakatwa yakawa chuma chakavu. Lakini mengi mengine yaliuzwa. Wanunuzi walikuwa nani? Vyama vya ushirika vya wakulima wenye maghala ya nafaka. Wenye machimbo ya kokoto. Bandari. Wauza chuma chakavu (hao walinunua mengine ili wayakate na mengine ili yawafanyie kazi ya kuvuta yale yanayokatwa, dunia hii!). Makampuni yanayotandika na kukarabati reli. Hata vyama vya watu wanaojitolea kuendesha treni za watalii siku za Jumapili. Injini iliyopewa namba na serikali ikapakwa rangi mpya na kuanza kazi kwa tajiri mpya.

Chukua ghala la nafaka katika tambarare ya Beauce, upande wa Chartres, ambako ngano hulimwa mpaka macho yanachoka. Mavuno ni mwezi wa Julai na Agosti. Treni tupu inaletwa na injini kubwa, inaachwa kwenye reli ya ghala, na injini kubwa inakwenda zake, kwa sababu injini kubwa na dereva wake ni ghali mno kukaa zikisubiri. Hapo trekta la reli linatolewa bandani, linawashwa, linashika mabehewa. Linasogeza mita chache, behewa la kwanza linakaa chini ya mdomo wa ghala, ngano inamwagika. Linasogeza tena. Saa nzima, asubuhi nzima. Behewa moja hubeba mzigo wa malori mawili. Jioni treni imejaa, injini kubwa inarudi kuichukua, na trekta linaingizwa bandani. Baada ya msimu huenda likafanya kazi siku moja moja tu mpaka mavuno mengine.

Sasa niambieni, mtu mwenye akili timamu atanunua injini mpya kwa kazi kama hiyo? Injini mpya ya reli ni fedha nyingi, na saa zake za kazi kwa mwaka ni chache. Ile iliyotumika inatosha. Na kwa kuwa Y 7400 zilikuwa zaidi ya 480 zilizofanana, vipuri havikuwa taabu: moja ikifa, wenzake wanarithi maini na figo. Mafundi wetu wa jua kali wangeielewa biashara hii bila kufundishwa. Ile tabia ya Shirika la Reli kuagiza chombo kimoja kwa wingi, badala ya kununua kumi za hapa na kumi za pale, iliwafaa watu ambao hata hawakuwa wamefikiriwa mwaka 1963.

Sitaki mseme napamba. Zipo hoja za kupinga, na baadhi yake zina mashiko. Injini ya miaka ya 1960 hutoa moshi ambao injini ya leo isingekubaliwa kuutoa. Makelele ya ndani ya kibanda si ya mchezo. Na kuna mpinzani mwingine: lori linaloweza kutembea barabarani na relini pia, kama zile Unimog za Kijerumani, linaloshusha vigurudumu vya chuma na kuvuta mabehewa, kisha likamaliza likaenda kufanya kazi nyingine barabarani. Kwa mwenye kiwanda cha mabehewa matatu, hilo ni jambo la maana, nakubali. Lakini likipewa mabehewa 10 yaliyojaa, uzito wa trekta la reli hauna mbadala wa rahisi. Tena lori hilo likiwa jipya, bei yake si ya mchezo. Moshi nao, ukiwa wa siku chache kwa mwaka, nalinganisha na moshi wa malori 20 ambayo yangetumika badala ya yale mabehewa 10. Nani kachafua hewa hapo?

Wazo la kitu cha reli kupata kazi ya pili si geni hata kwetu. Mwaka 1890, kabla reli ya Uganda haijaanzwa, kampuni ya Waingereza ya IBEA ilianza kujenga reli nyembamba kutoka pwani, ikaipa jina kubwa la Reli ya Afrika ya Kati. Ilifika kama maili 7, fedha zikaisha. Jina lote hilo kwa maili 7! Ila vyuma vyake havikuoza. Vilipelekwa kisiwani Mombasa vikatandikwa njia za vile vigari vya kusukumwa na watu, vilivyobeba wakubwa wa enzi hizo mjini. Mjomba wangu, ambaye alifunga mabehewa maisha yake yote mpaka akastaafu, akisikia kisa hicho hucheka na kusema reli haifi, inahama tu. (Na kwa atakayeniuliza kama Y 7400 ingeweza kuhamia hapa kwetu: si kwenye reli yetu ya zamani, kwa sababu ile ina upana wa mita moja na hizo zina milimita 1,435. Kwenye reli ya SGR iliyofunguliwa mwaka 2017 upana unalingana. Mengine mwulizeni mhandisi.)

Basi hadi hapa nimesifu. Sasa nitaje kinachoniuma, maana bila hicho nisingechukua kurasa zote hizi.

Trekta la reli lilipokuwa stesheni, lilikuwa la kila mtu. Mwenye kiwanda cha mbao alikuwa na behewa moja, mwenye mbolea alikuwa na mawili, na wa mvinyo alikuwa na lake. Lilizunguka likawakusanya wote. Huo ndio usafirishaji wa behewa mojamoja. Mahasibu walitazama vitabu vyao wakaona kazi hiyo inakula fedha: watu wengi, injini nyingi, mabehewa machache. Mnamo mwaka 2010 idara ya mizigo ya shirika lile ilipunguza sana huduma hiyo na kuweka utaratibu mwingine wa kuunganisha mizigo ya wateja wakubwa walioahidi mapema. Mwenye kujaza treni nzima alibaki relini. Mwenye behewa moja alielekezwa barabarani.

Ushirika wa ngano uliweza kujaza treni nzima, ukanunua trekta lake, ukaendelea. Mwenye mbao hakuweza. Kwa hiyo ninapoona trekta la zamani la shirika la umma likifanya kazi nyuma ya ua wa tajiri mmoja, nafurahi kwamba halikukatwa, lakini pia najiuliza wale wengine waliokuwa wakihudumiwa nalo wako wapi. Wako ndani ya malori. Chombo kilipona, na huduma ikafa. Watu wengi wanaosifia kuuzwa kwa injini hizi huishia kwenye lile la kwanza. Mimi sikubali kuishia hapo.

Mahasibu watasema, "Hasara ni hasara, bwana mdogo." Sawa. Ila hesabu waliyopiga ni ya lile trekta peke yake. Hawakuhesabu kwamba behewa lile moja la mbao, likishafika stesheni kubwa, lilikwenda safari ya kilomita mia kadhaa nyuma ya injini kubwa, na huko ndiko faida iliko. Ukikata vijito kwa kuwa kila kimoja ni chembamba, usije ukauliza mto umepungua kwa nini. Idara ile ya mizigo iliendelea kupungua. Januari 2023 Tume ya Ulaya ikaanza kuchunguza msaada wa serikali uliofika yuro bilioni 5.3, na ili kuepuka kulipishwa, serikali ya Ufaransa ikaamua kuivunja. Tarehe 1 Januari 2025 mahali pake pakachukuliwa na kampuni mbili: Hexafret ya kubeba mizigo, na Technis ya kutengeneza injini. Jina la zamani likazikwa.

Siwezi kusema idara hiyo ilivunjika kwa ajili ya matrekta madogo. Huo ungekuwa uongo wa kutafuta makofi. Malori, viwanda vilivyofungwa, madeni na migomo vyote vilikuwamo. Nasema tu kwamba ukubwa haukuiokoa. Iliacha wateja wadogo ili iwe nyepesi, na wepesi huo haukuifikisha mbali.

Tena kuna kichekesho. Serikali hiyo hiyo ya Ufaransa iliweka lengo mwaka 2021 kwamba sehemu ya mizigo inayopita relini iongezwe maradufu, kutoka asilimia 9 hadi 18, ifikapo mwaka 2030. Lengo zuri, na mimi naliunga mkono kwa mikono miwili. Lakini mzigo hauanzii kwenye reli kubwa. Unaanzia kwenye kile kipande cha reli kinachoingia kiwandani, ambacho kikiachwa miaka mitano tu kinaota nyasi, na swichi yake kwenye njia kuu inang'olewa kwa sababu kuitunza ni gharama. Ukishaing'oa, kuirudisha ni kazi nyingine. Huwezi kufunga milango ya nyumba kisha ukatangaza kwamba unataka wageni mara mbili.

Kwa hiyo hoja yangu mimi ni hii, na walimu wa Biashara waipime. Yale matrekta yaliyouzwa bado yapo. Mengine yamelala bandani miezi kumi kwa mwaka, mazima, yana mafuta, yana betri. Ushirika wa ngano unalo, mwenye mbao hana, na baina yao huenda ni kilomita mbili za reli. Kwa nini lisitoke Oktoba likamvutie mwenye mbao behewa lake mpaka stesheni, kwa malipo? Kinachozuia si injini. Ni karatasi: ruhusa ya kutembea kwenye njia ya taifa, dereva aliyethibitishwa, bima, ukaguzi. Sisemi karatasi hizo zifutwe, kwa maana reli isiyo na sheria inaua. Nasema zitengenezwe za kimo cha kazi yenyewe. Mtu anayekwenda kilomita mbili kwa mwendo wa baiskeli asidaiwe yale yale anayodaiwa anayekimbiza treni kutoka Paris hadi Marseille.

Ufaransa yenyewe ilikwisha onja jambo hili. Tangu miaka ya 2010 hivi zimejaribiwa kampuni ndogo za reli za mtaani, zinazokusanya mabehewa ya eneo moja na kuyakabidhi kwa kampuni kubwa. Hazijaenea kama zilivyotarajiwa, na wapinzani wangu watalirukia hilo. Mimi naona zilipewa mtihani mgumu: ziliambiwa zijitegemee upesi, wakati barabara ambayo malori hupita haijawahi kuambiwa ijitegemee. Zipewe miaka kumi, zipewe reli ndogo zilizokarabatiwa, na zikodishwe yale matrekta yanayolala. Kisha tutazame asilimia.

Katika tambarare ya Beauce, wakati ninapoandika haya, ngano iko shambani. Julai ikifika mtu ataingia bandani na ufunguo, atapima mafuta, atawasha injini iliyoundwa kabla baba yake hajaoa, na ataipasha moto kwa dakika chache huku akipangusa kioo kwa kitambaa. Kisha atatia gia ya kwanza.